Kwa nini Ujerumani ilihangaika miaka saba kutafuta bunduki mpya ya askari wake

Wasikilizaji wetu wengi, hasa wa upande wa wafugaji, wanaijua G3 hata kama hawajawahi kuishika. Ni ile bunduki ndefu na nzito ambayo askari wa akiba wamekuwa wakiibeba begani kwa miaka mingi wakisindikiza mifugo malishoni. Herufi G imetoka kwenye neno la Kijerumani Gewehr, yaani bunduki. Hiyo 3 ni nafasi yake katika orodha ya jeshi la Ujerumani.

Jeshi hilo lilianza kuiacha G3 miaka ya 1990 likachukua G36. Sasa G36 nayo inaondoka, na inayoingia inaitwa G95. Kati ya siku waziri wa ulinzi alipotangaza kwamba G36 haina mustakabali na siku bunge lilipokubali kulipia mpya, ilipita miaka saba na zaidi. Katikati hapo kulikuwa na kesi mahakamani, mshindi wa zabuni aliyenyang'anywa ushindi, na ugomvi juu ya vitundu vya kutolea maji.

Tulipoigusia habari hii kwenye kipindi, swali lililorudi mara nyingi lilikuwa moja: nchi tajiri kama ile inashindwaje kununua bunduki? Si inalipa tu? Tuelezane basi.

Ujerumani na Mbelgiji aliyekataa

Jeshi la Ujerumani Magharibi liliundwa upya mwaka 1955, miaka 10 baada ya vita kuu ya pili. Halikuwa na bunduki yake. Likanunua kwa Wabelgiji, kampuni ya FN, bunduki iitwayo FAL. Wajerumani wakaiita G1. Ilikuwa silaha nzuri, lakini Wajerumani walitaka waitengeneze wenyewe nyumbani kwao, kwa kibali cha Wabelgiji. Wabelgiji wakakataa. Walikuwa wamevamiwa na jirani huyo mara mbili katika muda wa miaka 30, na hatuwezi kuwalaumu sana.

Ujerumani ikageukia Hispania. Huko, wahandisi Wajerumani waliohama baada ya vita walikuwa wamebuni bunduki nyingine. Iliboreshwa na kampuni changa ya Heckler & Koch, iliyoanzishwa mwaka 1949 katika mji mdogo wa Oberndorf, na mwaka 1959 ikawa G3. Hayo ndiyo mabadiliko ya kwanza ya muuzaji. Ubora wa bunduki haukuwa sababu. Sababu ilikuwa ni nani anayeshika ufunguo wa kiwanda.

Jambo hili wanunuzi wa silaha hawalisahau. Ukimtegemea mtu wa nje, siku akikasirika, au serikali yake ikibadili msimamo, unakosa vipuri. Ndiyo maana Kenya ilijenga kiwanda cha risasi Eldoret, Tanzania ina Mzinga kule Morogoro, na mwezi Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki Ruiru ambacho serikali ilisema kinaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka.

Wajerumani wenyewe hawakuwa wachoyo kama Mbelgiji. Waliruhusu G3 itengenezwe katika nchi nyingi: Pakistan, Iran, Uturuki, Ureno, Norway na nyinginezo. Ndivyo bunduki iliyobuniwa kwa vita vya Ulaya ilivyosambaa dunia nzima hadi ikafika kwenye mabega tuliyoyataja mwanzo.

G36 na joto la Afghanistan

G3 ina uzito wa zaidi ya kilo 4 bila risasi, na inatumia risasi kubwa ya milimita 7.62. Miaka ya 1990 majeshi mengi ya Ulaya yalikuwa yameshahamia risasi ndogo ya milimita 5.56, kwa sababu askari anaweza kubeba nyingi zaidi na bunduki haimpigi bega sana. Ujerumani ilikuwa imechelewa. Ilikuwa imepoteza miaka na pesa nyingi kwa mradi wa bunduki ya ajabu, G11, iliyotumia risasi zisizo na ganda. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, adui aliyekusudiwa akatoweka na mradi ukafa.

Kwa hiyo ikanunuliwa G36, ya Heckler & Koch vilevile, kuanzia mwaka 1997. Sehemu kubwa ya mwili wake ni plastiki ngumu, na ni nyepesi kuliko G3. Askari waliipenda. Haikwami ovyo, haina kutu nyingi za kusugua, na ni rahisi kuisafisha.

Kisha jeshi hilo likaenda Afghanistan. Ijumaa Kuu ya tarehe 2 Aprili 2010, karibu na Kunduz, kikosi cha Wajerumani kilishambuliwa na Taliban na mapigano yakadumu saa nyingi. Askari 3 wakafa. Baada ya hapo minong'ono iliyokuwepo ikawa sauti: bunduki ikipata moto kwa kufyatua risasi nyingi mfululizo, inakosa shabaha. Magazeti yakaandika. Wizara ikakana. Magazeti yakaandika tena.

Mwaka 2015 wizara ilipokea ripoti ya uchunguzi iliyosema kwamba kweli, mtutu ukipata moto, au hata hewa ikibadilika joto kwa kiwango kikubwa, risasi zinatawanyika kuliko inavyotakiwa. Waziri wa ulinzi wakati huo alikuwa Ursula von der Leyen, ambaye leo ndiye rais wa Kamisheni ya Ulaya. Alitangaza kwamba G36, kama ilivyo, haina mustakabali katika jeshi la Ujerumani. Jeshi lilikuwa nazo takriban 167,000.

Hapa ndipo tunapoomba usome taratibu, kwa sababu habari nyingi ziliishia kwenye kauli hiyo ya waziri.

Tume iliyoundwa kuchunguza zaidi ilirudi mwaka huohuo ikasema haikupata ushahidi wa askari hata mmoja aliyekufa au kujeruhiwa kwa sababu ya kasoro ya G36. Tena wizara ilipoidai Heckler & Koch ilipe au irekebishe, kampuni ilikwenda mahakamani mjini Koblenz, na mwezi Septemba 2016 mahakama ikaipa haki kampuni. Sababu? Bunduki zilizoletwa zilitimiza kila kilichoandikwa kwenye mkataba. Sharti la kulenga vizuri mtutu ukiwa na moto mkali namna ile halikuwemo.

Chukua mfano wa kinu cha kusaga mahindi. Chama cha akina mama kinanunua injini. Kwenye karatasi wanaandika: iwe ya dizeli, iwe na nguvu kiasi fulani, isizidi bei fulani. Injini inakuja, inasaga. Miaka kadhaa baadaye kijiji kimekua, inasagishwa kuanzia alfajiri hadi usiku bila kupumzika, na inaanza kuchemka. Wakimwendea muuzaji atawauliza: wapi mliandika kwamba itafanya kazi saa 16 kwa siku? G36 iliagizwa wakati ambapo vita vilivyofikiriwa vilikuwa vya misituni Ulaya, ambako askari hufyatua risasi chache chache. Hakuna aliyeandika Kunduz kwenye karatasi.

Kwa maoni yetu, bunduki ile ilibebeshwa lawama ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya waliokaa mezani. Lakini imani ya askari kwa silaha yake haiponi kwa hukumu ya mahakama. Ukishamwambia kijana aliye kwenye handaki kwamba waziri mwenyewe haiamini bunduki aliyompa, umeshaiondoa hata kama bado anaibeba. Uamuzi wa kutafuta nyingine ukabaki palepale.

Zabuni ambayo kila mtu alishindwa

Mwaka 2017 zabuni ikatangazwa: bunduki kama 120,000, kwa gharama isiyozidi euro milioni 245. Ukigawanya, ni kama euro 2,000 kwa bunduki moja. Kwa kampuni za silaha hiyo ni pesa, lakini kilichozivutia zaidi ni jina. Bunduki ikichaguliwa na jeshi la Ujerumani, wateja wengine wanakuja wenyewe.

Kampuni kubwa zikaanza kujitoa. SIG Sauer ilijiondoa ikilalamika kwamba ushindani hauna usawa na unampendelea muuzaji wa zamani. Rheinmetall na wenzao wa Steyr wa Austria nao hawakuendelea. Wakabaki wawili: Heckler & Koch, na kampuni ndogo iitwayo Haenel.

Haenel ni ya mji wa Suhl, mashariki mwa Ujerumani, mji ambao umefua silaha kwa karne nyingi. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza, wakati wa vita kuu ya pili, bunduki iitwayo Sturmgewehr 44, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa bunduki zote za aina hii duniani. Kwa hiyo ni jina kubwa, ila kampuni yenyewe leo ni ndogo, na mmiliki wake wa juu yuko Abu Dhabi, katika Falme za Kiarabu. Heckler & Koch nayo, ijapokuwa kiwanda kiko palepale Oberndorf, mwenye hisa nyingi tangu mwaka 2020 ni kampuni iliyosajiliwa Luxembourg. Nani mzalendo hapo, mtajaza wenyewe.

Majaribio yalipofanyika, bunduki za pande zote mbili zilishindwa kutimiza masharti yote. Wakapewa muda warekebishe. Muda ukapita. Tarehe 15 Septemba 2020 wizara ikatangaza mshindi: Haenel, na bunduki yake MK556. Baada ya miaka zaidi ya 60, Heckler & Koch ilikuwa imepoteza kazi ya kumpa askari wa Ujerumani bunduki yake ya kila siku. Dunia ya silaha ilishtuka. Hata Suhl kwenyewe, nadhani, walishtuka.

Ushindi ulidumu chini ya mwezi.

Vitundu vya maji

Heckler & Koch ilipeleka malalamiko, na ndani yake ilidai kwamba Haenel imetumia ubunifu wake bila ruhusa. Ubunifu wenyewe unahusu maji. Askari anayetoka mtoni au baharini ana bunduki iliyojaa maji ndani. Akifyatua kabla maji hayajatoka, msukumo unaweza kuipasua silaha mikononi mwake. Kwa hiyo kuna vitundu na mifereji iliyopangwa kwa namna maalumu ili maji yamwagike haraka na askari apige mara tu anapokanyaga ufuo. Heckler & Koch ilikuwa imeisajili namna hiyo kwa hataza.

Hataza ni kama hati ya shamba, isipokuwa shamba lenyewe ni wazo. Ukibuni njia mpya ya kufanya kitu na ukaisajili, kwa muda unaoweza kufika miaka 20 mtu mwingine haruhusiwi kuitumia bila idhini yako. Na kama ilivyo kwa shamba, hati ndiyo inayoongea. Jasho bila hati ni maneno.

Mwezi Oktoba 2020 wizara ikarudisha nyuma uamuzi wake. Mwezi Machi 2021 ikaiondoa Haenel kwenye zabuni kwa sababu ya hataza, na kazi ikaenda kwa Heckler & Koch na bunduki yake HK416. Haenel ikakata rufaa kwa mamlaka inayosimamia ushindani wa kibiashara, ikashindwa. Ikaenda mahakama ya juu ya mkoa mjini Düsseldorf, na mwezi Juni 2022 ikashindwa tena. Waliowahi kufuatilia zabuni ya kaunti ya kuchimba kisima wataona kwamba mchezo huu hauna kabila.

Wakati huo Urusi ilikuwa imeshaivamia Ukraine, na hamu ya kuendelea kubishana juu ya vitundu ilikuwa imepungua sana Berlin. Mwezi Desemba 2022 kamati ya bajeti ya bunge ikaidhinisha ununuzi wa bunduki 118,718, kwa zaidi ya euro milioni 200. Jeshi limeipa jina G95. Si silaha ngeni: Norway ilianza kuitumia HK416 mwaka 2007, na Ufaransa iliichagua mwaka 2016 kuchukua nafasi ya FAMAS, bunduki yake yenyewe, kwa kuwa haikuwa tena na kiwanda cha kuitengeneza. Mwili wake ni wa chuma na aluminiamu, si plastiki kama ndugu yake mkubwa.

Kinachobadilika pamoja na bunduki

Bunduki yenyewe ni sehemu tu ya kazi. Mafundi wa kila kambi wanafunzwa upya na bohari zinajazwa vipuri vipya huku vya zamani vikiendelea kununuliwa, maana kwa miaka kadhaa jeshi linakuwa na bunduki mbili. Makasha ya risasi, mikanda, darubini za kulengea, hata rafu za kuziweka kwenye magari, vyote vinapimwa upya. Askari naye lazima mikono yake isahau. Aliyezoea kitufe cha usalama mahali fulani kwa miaka 10 atakitafuta palepale siku ya hatari.

Ujerumani ilipata nafuu moja: G95 inatumia risasi ileile ya milimita 5.56 iliyotumiwa na G36. Marekani haikuchagua njia hiyo. Mwezi Aprili 2022 jeshi lake la nchi kavu liliichagua SIG Sauer kwa bunduki mpya ya risasi ya milimita 6.8, na hapo ikabidi hata utengenezaji wa risasi uanzishwe upya.

Na zile za zamani?

Hili ndilo swali tunaloona linatuhusu zaidi sisi wa huku, kwa sababu chuma cha bunduki hakizeeki haraka. Bunduki iliyotunzwa inaweza kuua miaka 50 baada ya kutoka kiwandani.

Mwaka 2014 Ujerumani iliamua kuwasaidia wapiganaji wa Kikurdi wa Iraq dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu. Katika shehena za kwanza kulikuwa na G36 8,000 na G3 8,000 kutoka ghala za jeshi. Mwanzoni mwa 2016 waandishi wa vituo vya utangazaji vya Ujerumani walikuta silaha za Kijerumani, zikiwemo G3, zikiuzwa kwenye masoko ya kaskazini mwa Iraq. Baadhi ya wapiganaji hawakuwa wamelipwa mishahara kwa miezi.

Mexico ilikuwa mbaya zaidi, na huko hazikuwa hata za zamani. Maelfu ya G36 mpya zilizouzwa huko kati ya 2006 na 2009 ziliishia katika majimbo ambayo serikali ya Ujerumani ilikuwa imekataza, kwa sababu polisi wake walijulikana kwa ukatili. Karatasi zilizoeleza mtumiaji wa mwisho zilisema vingine. Mwezi Februari 2019 mahakama ya Stuttgart iliiamuru Heckler & Koch ilipe euro milioni 3.7, na wafanyakazi wawili wa zamani wakapata vifungo vya nje.

Tangu mwaka 2015 Ujerumani ina kanuni inayoitwa mpya kwa ya zamani: nchi inayotaka kununuliwa bunduki mpya za Kijerumani inatakiwa kukubali kuharibu idadi sawa ya zile inazoziacha. Nchi zetu nazo zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayozitaka kuziwekea alama silaha za serikali, kutunza kumbukumbu zake, na kuharibu zile za ziada.

Alama hizo si mapambo. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti wa silaha ndogo iliyoko Geneva ilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Mtafiti alikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia na kusoma maandishi yaliyopigwa kwenye kitako cha kila ganda. Wengi walitarajia asome herufi za viwanda vya nchi za mbali, zilizovuka mpaka kutoka Sudan. Zilikuwepo. Lakini nyingi zilikuwa na herufi KOFC, yaani kiwanda cha Eldoret. Zilikuwa zimetoka kwenye ghala za polisi na kuwafikia wafugaji ili wajilinde na majirani zao, bila kuandikwa popote nani kachukua ngapi.